Skwea ya Baba na Mistari Miwili

Enzi zetu pale Dutwa, gari la mtoto halikununuliwa, lilitengenezwa. Bodi ilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu ni ndala zilizokatika. Tukirudi shule na vumbi hadi magotini, tulikula michembe ya viazi vitamu na karanga, halafu njia ya mikokoteni ikawa yetu mpaka mama aite. Watoto wa leo wana magari mia kwenye simu, na ukiwauliza ekseli ni nini wanakutazama kama umewatukana.

Baba alikuwa fundi wa plau na mikokoteni ya ng'ombe. Banda lake la bati lilinukia grisi na mbao mbichi, na mimi binti yake nilishinda humo kuliko jikoni. Vifaa vyote alituruhusu kushika isipokuwa skwea, kile kipande cha chuma cha kupimia kona kama imekaa sawasawa. Ilikuwa na msumari wake peke yake ukutani, na kila Jumamosi aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta. "Nyundo ikikosea utaiona," alikuwa akisema. "Hii ikikosea, mnakosea wote wawili."

Siku moja gari langu lilikuwa linavuta upande, nami nikaona dawa yake ni skwea. Baba alikuwa mnadani. Nikaishusha, ikaniponyoka, ikaangukia plau kwa mlio ambao bado nausikia. Niliigeuza huku na huku, sikuona ufa wala mkunjo. Nikairudisha msumarini, kisha nikaenda kuosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo lingetosha kumshtua mama.

Msimu wa pamba ukafika. Baba akamtengenezea jirani yetu, Mzee Masanja, mkokoteni mpya. Siku ya kwanza tu ya kubeba magunia, mzee akaurudisha.

"Mwangaluka, fundi," alisema. "Mkokoteni wako unapenda sana mitaro. Ng'ombe wangu wamechoka kuubembeleza."

Baba akaweka skwea kwenye kila kona ya fremu. Skwea ikasema kona ni nzuri. Akafungua ekseli, akaifunga upya, mkokoteni ukavuta vilevile. Wiki nzima alikuwa akifunga na kufungua, na mimi nikimpitishia spana huku nimeuma midomo. Halafu jioni moja tukila, akamwambia mama taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua, "Mama Minza, nadhani macho yangu yamekwisha. Msimu huu ukiisha nitafunga banda, nibaki na ng'ombe tu."

Nikalirudisha tonge sahanini. Minza ni mimi, na aliyekuwa analifunga banda lile ni mimi. Nikasema yote, nikilitazama bakuli la mlenda.

Hakunipiga. Nilitamani anipige ili yaishe. Aliniita bandani kukiwa bado na mwanga, akapiga randa ubao mpaka ukingo ukanyooka. Akalaza mkono mmoja wa skwea kwenye ukingo, akafuata mkono wa pili kuchora mstari kwa sindano ya kuchorea. Kisha akaipindua, akachora tena palepale. Skwea ikiwa nzima, mstari wa pili hulala juu ya wa kwanza. Mistari yetu ilianzia pamoja chini, ikaachana juu kiasi cha unene wa ukucha. Baba akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyerudishiwa macho.

"Chuma huanguka, mayu," akasema. "Ila usikirudishe msumarini kimya."

Kesho yake aligonga vidoti vinne vya kutanua chuma karibu na pembe ya ndani ya skwea, akichora, akipindua, akigonga tena, mpaka mistari ikawa mmoja. Mkokoteni ukafungwa upya. Mzee Masanja alishukuru kwa "Wabeja" tu, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Baba hayupo tena. Nina karakana yangu ndogo nyuma ya nyumba hapa Bariadi, yenye mashine ya kuchonga vyuma iliyokula uwanja wa kuanikia mahindi. Mwezi uliopita nilikwenda dukani na binti yangu Kabula kutafuta skwea ya kukagulia nyingine, isiyotumika kwa kazi yoyote ila hiyo. Kabula alikuwa ameshachagua kwa simu, ile yenye kisanduku cha sponji. "Mama, imeandikwa ni sahihi kabisa." Nikatoa ubao na sindano kwenye mkoba, muuza duka akaangua kicheko. Ya kisanduku ikatoa mistari miwili. Ya tatu, isiyo na kisanduku wala sifa, ikatoa mmoja. Muuza duka akaacha kucheka, akaniomba nimpimie na zilizobaki.

Juzi nilikuwa uani napepeta mchele. Kabula akatoka karakanani ameishika skwea ile mpya kwa mikono miwili.

"Mama, imeanguka," akasema.

Nina mazoea ya kuwaambia vijana kwamba enzi zetu tulilelewa, na wao wamelelewa na simu. Siku hiyo sikusema. Mimi nilisubiri mpaka baba akaona macho yake yamekwisha, na huyu hata msumarini hakufika. Nilimkumbuka baba mpaka ungo ukanilemea. Nikauweka chini, nikamwambia alete ubao na sindano.