Mpangaji Aliyemwita Mama "Mamaki"

Dhahabu ilipoanza kuwaleta wageni kanda ya ziwa, miaka ile ya tisini, mama alimpangisha chumba cha uani mzungu mmoja kutoka Afrika Kusini, fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba. Majirani zetu wa Buswelu walishangaa. Sote tulikua tukisikia redioni habari za Makaburu, na sasa mmoja wao alikuwa anaoga kwa ndoo bafuni kwetu.

Alikuwa jitu la mtu, lakini mwenye haya. Kiswahili alikivamia kwa pupa, na kila kitu kilichozidi kimoja alikibandika "s" mwishoni, kama Waingereza wanavyofanya, na kama lugha yake inavyofanya mara nyingi. Alileta samakis kutoka mwaloni, akaomba ndizis. Siku alipowakuta mama na baba wamekaa barazani, aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoos." Baba aliitikia marahaba, kisha akaingia ndani kucheka. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ndimi mkalimani wa nyumba. Nikamfundisha kwamba wakiwa wengi unawaambia shikamooni. Ila samaki na ndizi ziache zilivyo, na mtoto akiongezeka utamjulia mbele, watoto.

Matata yalikuja alipoanza kumwita mama "Mamaki". Mama akaniuliza maana yake, nami nikamuuliza mwenyewe. Aliniambia kwao "ki" ya mwishoni ni ya udogo: mbwa ni hont, kijibwa ni hoinki, vijibwa ni hoinkis. Nikampelekea mama jibu. Kwa siku kadhaa chai ya mpangaji niliipeleka mimi, bila maandazi.

"Mimi kimama?" aliniuliza hatimaye, tukiwa jikoni. "Nimemkosea nini?"

Fundi aliposikia hivyo uso ulimwiva. Alikuja mpaka mlango wa jiko, akaniomba nimtafsirie. Akasema kwao kitu unachokipenda ndicho unachokipunguza, ili kikae karibu. Mkewe, mwanamke wa miraba minne, humwita "frouki". Hata Waingereza, alisema, shangazi, "aunt", humwongezea kijimkia cha mapenzi akawa "auntie", ndipo akapatikana huyu anti tunayemwita mjini.

Mama alimaliza kwanza kusonga ugali. Kisha akasema, "Mwambie hiyo 'ki' kwa Kiswahili inauma. Lakini kwetu Usukumani tuna 'ka', na hiyo ndiyo tunayobembelezea watoto."

Tangu hapo akawa "kazungu kangu", jitu lile lililoinama ili kupita mlangoni, naye akaachiwa Mamaki yake. Alipougua malaria, mama alimpikia uji, akamsimamia mpaka aumalize.

Kampuni ilipomhamishia ng'ambo ya ghuba ya ziwa, tulimsindikiza hadi kwenye kivuko cha Kamanga. Mama alimkabidhi sato wa kukaanga ndani ya gazeti. Chumba alikuja kukipanga fundi cherehani, mtu mwema asiye na kelele. Mama alimheshimu sana. Alimwita mpangaji.