Kwenda Chonyonyo Kuitetea Migomba ya Shangazi

Kilichonitoa Bukoba ni simu ya shangazi Paskazia wa Chonyonyo. Hakungoja hata shikamoo yangu. "Kamugisha, kompyuta ya Deusi imesema migomba yangu ing'olewe. Jumamosi vijana wa mapanga wanakuja. Wewe ulizisomea mashine hizo usiku, njoo uzungumze nayo."

Deusi ni mwanawe wa mwisho. Tulisoma wote masomo ya jioni, tukigombea kompyuta moja nzee iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga. Migomba yenyewe aliipanda marehemu baba yake, na likizo zote za utoto wangu nilikula ndizi zake. Naamini nusu ya mwili wangu ni matoke ya kibanja kile, shamba la nyumbani, na nusu nyingine ni mchuzi wake.

Alhamisi asubuhi basi liliondoka Bukoba. Tulipovuka daraja la Kyaka, mto Kagera ulikuwa umejaa, una rangi ya chai ya maziwa. Siku hizi ni lami tupu kuelekea Karagwe. Zamani ilikuwa vumbi, tukishuka wote tuna rangi moja, hata mama mmoja akamfuta uso mtoto aliyembeba njia nzima na kukuta ni wa jirani. Nililikumbuka vumbi lile kwa mapenzi, jambo ambalo mapafu yangu yasingekubali.

Omurushaka nilipanda gari dogo kwenda Nkwenda, wilayani Kyerwa, ambako Deusi hutunza ghala la kikundi cha wakulima. Alinipokea mlangoni.

"Karibu, profesa wa giza."

"Asante, mchinja migomba."

"Nakata ili kahawa iliyo chini yake ipumue. Bei yake unaijua. Mama hataki kusikia."

Mchana tukakaa mbele ya kompyuta yake. Alikuwa na programu mbili alizozipata bure mtandaoni. Moja inaiga migomba: unaipa mvua na jua, nayo inakuambia mkungu utakuwaje. Nyingine inaiga mibuni. Zimeandikwa na watu wasiojuana, na kila moja inaamini shamba lote ni lake. Kwa hiyo kati yao aliweka programu ya tatu, kiunganishi, ambacho kazi yake ni ya mshenga. Kila siku ya ndani ya kompyuta inapoisha, kinazisimamisha pande zote mbili, kinachukua habari huku na kuzipeleka kule, ndipo siku nyingine inaanza.

"Mshenga wako anabeba nini?" nikamuuliza.

"Kivuli cha migomba, na maji iliyoyanywa. Anaipelekea mibuni."

"Na akirudi?"

"Harudi na kitu. Mimi shida yangu ni kahawa."

"Deusi, mkungu ukishakatwa, shina la mgomba linakwenda wapi?"

"Humu? Linafutika."

"Nyumbani je?"

Tulikuwa tumeyapasua mashina yale sote wawili kila likizo, tukiyalaza chini ya mibuni ili udongo usikauke, na utomvu wake ulituharibia mashati mpaka mwalimu wa shule ya msingi akadhani ni sare ya kwetu.

"Basi tumbebeshe mshenga," akasema, akivuta kiti.

Tukaongeza mashina hayo kama matandazo yaende kwa mibuni, tukaongeza na njia ya kurudi, ili migomba nayo ijue mibuni imekunywa kiasi gani. Programu zikagoma papo hapo. Kila moja ilikuwa ikingoja mwenzake aanze, kama wageni wawili wenye adabu mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Tukaamuru migomba itangulie kwa kutumia habari za jana. Deusi akapiga meza, akacheka kile kicheko chake cha darasani, nami nikajiona nina umri wa miaka ishirini na tumbo dogo.

Jibu likageuka. Migomba ikikatwa yote, kahawa inaruka juu kwanza, kisha udongo unakauka na mavuno yanashuka. Ikiachwa ilivyo, kahawa inadumaa. Bora migomba ya juu kilimani ibaki, ya bondeni ipunguzwe tu.

Ijumaa jioni tukafika Chonyonyo. Shangazi alinipa sahani ya matoke ambayo ng'ombe angeomba msaada kuimaliza, kisha akaitazama picha kwenye kompyuta.

"Migomba imo," akasema. "Kahawa imo. Mvua imo. Mimi niko wapi?"

"Mama, wewe si zao," Deusi akacheka.

"Mashina hayo ya kutandaza chini ya mibuni yanatembea yenyewe?"

Shangazi akalipapasa goti lake.

"Goti langu halifiki tena bondeni, jamani waitu. Tangu masika mashina ya kule yanaozea yalipoangukia. Sikusema, Deusi, kwa sababu ungepata sababu ya kukata."

Deusi akafungua kompyuta tena bila kumtazama mama yake. Tukayaondoa matandazo ya bondeni. Kahawa ya kule ikaanguka, na migomba ikaifuata. Alikaa akiitazama mistari ile miwili ikishuka.

"Kwa hiyo kunahitajika mtu," akasema.

"Mimi sikusema," akajibu shangazi.

Jumamosi asubuhi vijana wa mapanga walifika. Deusi akawapa chai, akawarudisha kwao, akaazima panga la mmoja wao. Alishuka bondeni peke yake, nami nikafuata kubeba mashina. Juu yetu shangazi alikaa kwenye kigoda, akielekeza kwa fimbo.

"Huo kata. Huo pia. Huo uache, baba yako aliupanda akiwa na homa."

Deusi akauacha, ingawa kwa hesabu yetu ulipaswa kuondoka.

Jumapili nilirudi Bukoba. Safari hii imenifundisha kwamba ukiviunganisha vitu viwili, huna budi kuuliza ni mgongo wa nani utakaobeba kinachopita katikati. Deusi sasa yuko Chonyonyo kila Jumamosi, na kila Jumapili, akiwa bado huko, hunipigia simu kulalamika kiuno. Shangazi huchukua simu hiyo na kuniambia nisimsikilize, kwamba amenenepa, na kwamba jana walikula pamoja mpaka giza likaingia.