Gardimen Iliyokaushwa Kama Samaki

Siku yangu ya kwanza ku atelie, Shefu hakuniuliza kama najua kazi. Aliniuliza kama najua kunyamaza. Nikamujibu: "Shefu, kazi nitajifunza mbio. Ile ingine tutaona." Mafundi wakacheka, yeye hapana. Alikuwa muzee wa Kasai, aliacha kazi ya reli, akafungua atelie nyuma ya nyumba yake hapa Kindu, na permi ya serikali ya kutengeneza bunduki ya kuwinda. Mimi nilikuwa kijana wa Alunguli. Masomo yangu iliishia ku primeri, lakini mudomo ilikuwa imefika universite.

Ninyi vijana munafikiri bunduki ni ya askari tu. Wakati ya Zaire, mu kijiji muwindaji mwenye permi alikuwa na yake moja, na hiyo moja njo ilichunga mashamba ya wote. Ikiharibika, wanatuletea. Kitu ya kwanza, hata mbele ya salamu, ni kuifungua uone kama haina risasi ndani. Muntu alikuja kutoka mbali, anakunyoshea mukono, wewe unaangalia bunduki yake. Hakuna mwenye alikasirika.

Basi akafika Papa Okito, muwindaji wa Tunda. Gardimen ya bunduki yake, ile mbao ya mbele penye mukono ya kushoto inashika, ilikuwa imekwenda upande. Kidole ilipita katikati ya mbao na mututu. Ukiibana inakataa, ukiiacha inachezacheza. Bunduki ya namna hiyo, hauna haki ya kuipiga.

"Ilianguka, Papa?" Shefu akauliza.

"Hapana, Sitwayen," akajibu, maana wakati ile njo vile watu waliitana. "Mvua ilinikuta mu pori. Ku nyumba nikaifungua yote, nikapanguza chuma. Mbao ilikuwa imelowana, nikaiweka juu ya moto. Kuirudisha sasa, ikakataa."

"Juu ya moto wapi?"

"Pale bibi anakaushaka samaki."

Nikashindwa kujizuia. "Papa, na chumvi uliweka?"

Papa Okito akaniangalia polepole. "Cheka, kijana. Mupunga yetu iko karibu kuiva, na nguruwe ya pori inaingia mu shamba kila siku. Bunduki mu kijiji njo hii tu. Mupunga ikiisha, tutapika kicheko yako?"

Nikanyamaza. Mafundi wengine waligeuka kuangalia kama niko mugonjwa.

"Wewe mwenye mudomo," Shefu akasema, "hii ni yako. Itengeneze."

Nikarukia tupa, nianze kukwarula mbao. Shefu akanishika mukono. "Unakwarula wapi? Unajua penye inagusa?" Akanionyesha: unakamata masizi ya taa ya mafuta, unapaka ku chuma, unakalisha mbao juu, unaitoa. Penye mbao imekuwa nyeusi, njo penye inagusa. Ya Papa Okito ilikuwa nyeusi ku kona moja ya mbele na kona ingine ya nyuma. Katikati safi, kama sahani ya muntu mwenye njaa.

"Shefu, hii haikuvimba. Imejinyonga, kama nguo yenye wanakamua."

"Njo vile. Ukikwarula, utaimaliza, na itabaki ya kujinyonga."

Kuchonga ingine? Mbao ya kukauka vizuri hatukuwa nayo, na mbichi ingejinyonga tena. Shefu akakaa chini. "Papa, urudi kisha mavuno, mbao ingine itakuwa imekauka," akasema, na sauti ya kumusikitikia. Kisha mavuno, Papa Okito angekuja kufanya nini?

Njo nikakumbuka mujomba wangu wa Lokandu, fundi wa mitumbwi. Akitaka kufungua mutumbwi, haupigi. Anatia maji ndani, moto chini, mbao inalainika, anaipanua polepole na miti.

"Shefu, moto kavu njo iliinyonga. Tuirudishe na mvuke. Mama iko anapika wali."

"Unataka kupika bunduki mu sufuria ya bibi yangu?"

"Mbao tu, Shefu. Chuma haiivake."

Mama Shefu akapiga kelele kutoka jikoni: "Wali ikinuka mafuta ya bunduki, utaimaliza peke yako!"

Tulingoja aivishe wali, kisha tukakamata sufuria na maji safi. Nikaitundika mbao juu ya mvuke mpaka ikalainika, nikaifunga na mupira ya ndani ya baiskeli juu ya chuma ya unene wa mututu, nikaivuta upande ingine kidogo kupita kipimo, maana mbao inarudiaka. Nikaiacha ku kivuli. Papa Okito alilala kwa ndugu zake mu muji, na kila asubuhi anakuja mulangoni: "Mugonjwa aliamka je?"

Siku ya kuifungua, tukapaka masizi tena. Nyeusi ikapita urefu yote. Palibaki kauvimbe kadogo, na pale Shefu mwenyewe akanipatia tupa. Kisha akaifunga ku bunduki, akavuta, akasukuma. Haikucheza. Akaniambia, "Kesho ukuje mapema." Kwa yule muzee, hiyo ilikuwa kupewa medali.

Kisha mavuno Papa Okito akarudi, amenenepa kidogo. "Mupunga tulivuna. Nguruwe walikimbia wote."

"Walikimbilia wapi?"

"Ku shamba ya shemeji yangu, kijiji ya pili." Na shemeji mwenyewe alikuwa nyuma yake, bunduki yake ya kuharibika ku bega, amekunja uso: "Nani njo yule kijana wa kupika mbao?"

Tangu siku hiyo watu waliniulizia na jina. Nilitumika na Shefu mpaka alipozeeka, nikatumika Kibombo, nikatumika Kalima, chini ya mabosi wengine wenye hawakucheka. Sasa macho imechoka, ninaletewa viti na mabawa ya madirisha ya kutengeneza, na inanitosha. Lakini nikipita soko na bibi yangu, nikiona muchele ya Tunda, ninasimama. Ninamwambia, "Mwanamuke, hii mimi njo nilisaidia kuichunga."

"Vizuri," anajibu. "Basi ibebe."