Mpeleka Barua Katika Maabara ya Jiografia

Delbert Ostrander alipeleka barua katika mji wa Cutler Bend, Oregon, kwa miaka thelathini na mitano, na kwa muda wote huo ni barua moja tu aliyoificha. Ilikuwa yake mwenyewe. Mkewe, Twyla, aliikuta chini ya droo ya soksi wiki moja baada ya Delbert kustaafu, alipokuwa akitafuta pa kuweka sare zake za posta.

"Delbert, hii nini?"

"Karatasi tu."

"Karatasi tu inasema hukumaliza chuo. Mwaka 1984. Umebakiza somo moja, Maabara ya Jiografia ya Maumbile."

Delbert akajikuna kisogo. "Somo moja si kitu, mke wangu."

"Miaka thelathini na minne unaniambia una diploma! Ulimwambia mama yangu. Ulimwambia mchungaji siku ya ndoa!"

"Mchungaji hakuomba cheti."

Twyla hakucheka. Alikunja ile barua, akaipachika kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la kaa, na kuanzia siku hiyo Delbert hakuweza kuchukua maziwa bila kuisoma. Mwezi haukuisha kabla hajajiandikisha. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alijipa moyo kwamba jiografia ni habari ya kujua mahali palipo, na kama kuna mtu aliyejua mahali palipo, ni yeye. Kila kilima, kila kichochoro na kila mbwa wa Cutler Bend aliwajua kwa majina.

Siku ya kwanza alipotea.

Kosa halikuwa lake peke yake. Jengo la sayansi lilikuwa limejengwa ubavuni mwa kilima, kwa hiyo mtu aliyeingia mlango wa mbele alikuwa tayari yuko ghorofa ya tatu bila kupanda ngazi hata moja. Delbert alitafuta chumba 214, yaani cha ghorofa ya pili. Kama kila mwenye akili zake, akaona yuko chini, akapanda. Alifika mahali penye mitambo ya kupasha moto jengo, akashuka, akatokea jikoni, akapanda tena. Alipofungua mlango wa 214 jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

Mwalimu, Dk. Ramona Quist, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, alitazama saa ukutani.

"Bwana Ostrander. Dakika kumi na sita."

"Samahani, mwalimu. Jengo lenu limegeuzwa kichwa chini."

"Ukurasa wa pili wa mwongozo. Anayechelewa zaidi ya dakika kumi na tano anahesabiwa hakuja. Asiyekuja mara mbili anafutwa kwenye orodha. Umebakiza moja. Karibu, kaa."

Mwongozo wenyewe ulikuwa na kurasa tisa, na Dk. Quist aliusoma wote kwa sauti kama mtu anayesoma wosia wa tajiri. Kazi zote kwa penseli. Kalamu ya wino haipokelewi. Rula iwe ya sentimita. Kikokotoo kiwe kikokotoo, si simu. Penseli za rangi zisipungue sita. Viatu vya kufunika vidole. Hakuna kula maabara, hasa kwenye meza ya mawe, kwa sababu muhula uliopita kuna mtu aliyeilamba chumvi-mawe kisha akawaambukiza wenzake mafua. Kila jibu lionyeshe hesabu yake, na kila namba iwe na kipimo chake. Na wiki ijayo kutakuwa na mtihani juu ya mwongozo huo huo, na alama inayokubalika ni mia kwa mia.

Delbert akatazama alivyovileta: kalamu ya wino ya posta, rula ya inchi, na sandwichi ya bata mzinga.

Mwenzake mezani alikuwa Brisa Amezcua, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akisomea uuguzi. Alimsogezea penseli bila kumtazama.

"Chukua, mzee. Na hiyo sandwichi ifiche, mwalimu anainusa."

Mtihani wa mwongozo Delbert alipata mia. Kanuni hazikumtisha, alikuwa amekula kiapo cha posta. Kilichomtoa jasho ni ramani. Zilikuwa zimejaa mistari ya kahawia iliyojipinda kama tambi zilizomwagika, na Dk. Quist alisema kila mstari unaunganisha mahali penye kimo kimoja. Delbert alisema ndiyo, akatikisa kichwa, asielewe kitu. Kwa wiki tano alipaka rangi mito na kuhesabu mawingu vizuri tu, lakini kila ilipokuja mistari, alijitia anatafuta kifutio.

"Mzee Delbert, hili ni bonde," Brisa alimwambia siku moja.

"Mimi naona kilima."

"Umechora mto unapanda kilima."

"Labda una haraka."

Ikaja Jumamosi ya kazi ya nje, iliyohesabiwa kama kipindi kizima. Kila wawili walipewa ramani, dira na kifaa cha kupima mteremko, wakatakiwa kufika vituo vinne kwenye vilima nyuma ya mji na kurudi saa sita kamili. Mvua ilikuwa ya kawaida, ile inayonyesha bila kujitangaza.

Vituo vitatu walivifikia kwa ramani ya Brisa. Hapo Delbert akachoka kuongozwa.

"Cha nne kiko nyuma ya kwa Bibi Haugen. Nimepita hapo miaka kumi na moja. Twende njia ya mkato."

"Ramani inasema tuzunguke."

"Ramani haijawahi kupeleka barua."

Njia ya mkato ilipita uani kwa Bibi Haugen, na uani kwa Bibi Haugen kulikuwa na Duchess, mbwa mdogo mwenye miguu mifupi na kinyongo kirefu. Hakuwa amemwona Delbert tangu astaafu. Alinyanyua pua, akavuta harufu, na furaha ya kisasi ikamjaa. Brisa aliruka uzio kama swala. Delbert alipanda juu ya rundo la kuni, mwongozo wa kurasa tisa mkononi kama ngao.

"Mwite mwenyewe!" Delbert alifoka.

"Mwenyewe yuko dirishani, mzee. Anapiga picha."

Walikaa hivyo dakika ishirini, hadi Bibi Haugen alipotosheka na picha akamwita Duchess ndani. Saa ilikuwa sita kasoro robo, na kituo cha nne hawajakipima. Walikipima haraka haraka. Kutoka hapo Delbert aliona paa la chuo chini kabisa, karibu kama kulishika.

"Tushuke moja kwa moja," alisema.

Brisa alimwekea ramani usoni. "Tazama mistari hapa ilivyobanana, mzee. Hebu kumbuka. Hapa pakoje?"

Delbert akatazama. Hapo palikuwa nyuma ya mtaa wa Spruce, kwenye ngazi za mbao alizozipanda kila siku akitukana kimoyomoyo. Akatazama mahali mistari ilipoachana: barabara ya makaburi, ambako alikuwa akitembea huku akipiga mbinja. Akarudi kwenye iliyobanana, na goti lake la kulia likauma lenyewe.

"Loo!" alisema. "Kumbe ni magoti!"

"Nini?"

"Mistari ikibanana, magoti yanauma. Ikiachana, hayaumi. Kwa nini huyu mama hakusema hivyo tangu mwanzo?"

Walizunguka kwa barabara ya makaburi, wakikimbia. Dk. Quist alikuwa amesimama kwenye maegesho chini ya mwavuli, saa mkononi. Delbert alifika akihema.

"Dakika kumi na nne," alisema Dk. Quist, akaandika. Kisha akawatazama tena. "Bwana Ostrander, mbona una magome ya kuni mgongoni?"

"Ni kazi ya nje, mwalimu."

Ripoti yake ilirudi Jumanne ikiwa na sifuri nyekundu kwenye swali la mteremko. Alikuwa ameandika: *Mtaa wa Spruce, magoti mawili na nusu.*

"Kipimo kiko wapi?" aliuliza Dk. Quist.

"Magoti."

"Goti si kipimo, Bwana Ostrander."

"Lingekuwa lako ungelikubali."

Darasa zima likaangua kicheko. Dk. Quist hakucheka, lakini alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Basi thibitisha," alisema. "Una hadi wiki ya mwisho."

Delbert aliazima kifaa cha kupimia, akarudi kwenye njia yake ya zamani. Siku kumi na mbili alipanda mitaa yote yenye mwinuko, kwanza akiandika goti linasema nini, kisha kifaa kinasema nini. Watu walidhani ameshindwa kustaafu, wakamuuliza vifurushi vyao viko wapi. Twyla alimfuata na chupa ya kahawa, akimsomea namba naye akiziandika, kwa penseli. Mwishowe ikapatikana kwamba goti moja la Delbert ni digrii sita, zaidi au pungufu ya moja, isipokuwa siku za mvua ambapo goti hutia chumvi. Aliyaandika yote, hesabu ikaonekana, kila namba na kipimo chake.

Alimaliza somo kwa alama sabini na nane. Dk. Quist aliandika chini ya ripoti: *Njia isiyo ya kawaida. Data nzuri. Mwandiko mbaya.*

Twyla aliisoma mezani, mara mbili, wakila mkate wa nyama. Kisha akasema yeye pia angependa kujua hayo mambo ya mawe, na kwamba amekwisha kujiandikisha kwa muhula ujao.

Delbert akaweka uma chini.

"Una rula ya sentimita?" aliuliza. "Na usije ukalamba chumvi, Twyla. Halafu ukiingia mlango wa mbele, ushuke."

"Nishuke kwenda wapi, wakati ndiyo kwanza nimeingia?"

"Wewe shuka tu, mke wangu. Nitakuchorea ramani."

Twyla alisema asante, lakini atamwomba Brisa.