Kiberiti Anakaa Nacho Mama Mkwe

Jamani, mnaniona natabasamu, msidhani nilianza hivi. Nilikuwa nachambua korosho kwenye ghala moja pale Nachingwea, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Na kwetu Mandawa, huko Ruangwa, shughuli yoyote sufuria la pilau nashika mimi.

Siku hiyo magunia yalipangwa ovyo. Moja likaporomoka, likanipiga kisogoni. Sikuzimia. Nilijikung'uta vumbi, nikamtukana aliyelipanga, nikaendelea na kazi. Jioni nikaanza kutapika. Mwanga ukawa unanichoma macho, masikio yanavuma.

"Fuvu halijavunjika," daktari akaniambia hospitali. "Ila ubongo umetikisika. Kapumzike."

Nikarudi Mandawa kwa mama mkwe, maana mume wangu alikuwa Masasi kwenye vibarua. Miezi ikapita. Kichwa kinagonga, usingizi hamna, maneno yananipotea mdomoni. Mwanangu Zuwena akiangusha kikombe tu, natamani kumrarua. Nilijaribu kurudi kazini, nikashindwa. Msimamizi akasema, "Mbona mzima wewe? Unadeka tu." Tegemeo likabaki fidia ya kuumia kazini, na hiyo mpaka jopo la madaktari likubali kwamba siwezi kazi. Wakikataa, tumekwisha.

Wakaniita Nachingwea. Nikavaa kanga mpya, nikapaka wanja. Kwetu ukisema umeumia ubongo, watu wanasikia kichaa. Sikutaka kuitwa kichaa, basi!

"Unasahau vitu?" daktari mmoja akauliza.

"Kidogo tu, kama watu wote."

"Nyumbani unapika?"

"Napika vizuri tu."

Wakatazamana. Mmoja akafunga faili. Nilitaka kusema ngoja, na hilo neno lenyewe silioni.

Mama mkwe alikuwa amenisindikiza, amekaa kiti cha mlangoni. Kimwera ndiyo lugha yake, Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Akasimama.

"Daktari, huyu anadanganya."

"Mama!"

"Nyamaza, Mama Zuwena. Anawasha moto, anausahau. Mara ya kwanza jiko limeungua kidogo, nimezima. Mara ya pili mtoto amelala ndani. Nimemtoa mimi. Sijasema kwa mtu. Hata mwanangu hajui."

Dakika ile nilimchukia. Kunivua nguo mbele za watu! Kisha nikaona mkono wake. Lile kovu, aliniambia ni uji wa moto ulimmwagikia. Nikalia mpaka wanja wote ukaisha.

Faili likafunguliwa tena. Mama akavutiwa kiti mbele, akaulizwa yeye. Fidia ikakubaliwa, si yote niliyoomba, lakini tulikula na nikatibiwa. Nikafundishwa kufanya jambo moja moja, na kupumzika kabla kichwa hakijaanza. Sasa hivi niko ghalani nusu siku.

Namshukuru Mungu, tena sana. Nawe uliyeumia kichwa, ukienda kwa daktari acha kujikaza. Sema yote, hata ya aibu. Nenda na mtu unayeishi naye, kwa sababu mengine wewe huyajui kabisa, yanajulikana kwa aliyekusitiri.

Napika tena, hata pilau la shughuli. Lakini kiberiti anakaa nacho mama, amekifunga kwenye pindo la kanga. Nikikitaka naenda kuomba. Ananipa, halafu anavuta kigoda, anakaa na mimi mpaka moto uzimike.