Mwanasesere Asiyeguswa

Mkunga hakumuua yule mtoto. Wenye dhamana ya kifo chake ni wawili: mimi, niliyekuwa katibu wa hospitali na msimamizi wa mafunzo, na mganga mkuu wetu, aliyeukubali utaratibu wangu bila kuuhoji. Mganga mkuu amekwisha kufariki, nami sitamlaumu zaidi ya hapo mtu asiyeweza kujibu. Nimebaki mimi. Naandika kwa sababu uamuzi uliosomwa hadharani wakati ule ulimtaja mtu wa tatu, na haujafutwa hadi leo.

Hospitali yetu ilikuwa kando ya barabara itokayo Shinyanga kuelekea Geita, pale mashamba ya pamba yanapoanza kupakana na vilima vya wachimbaji wa dhahabu. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Wajawazito waliletwa kwa baiskeli, wengine juu ya malori ya pamba, na wengi walifika wamechelewa. Watoto wao walizaliwa wamelegea, hawana sauti. Wakunga waliwashika miguu wakawaning'iniza kichwa chini, wakawapiga makofi mgongoni, wakawanyunyizia maji baridi, kwa kuwa ndivyo walivyoelekezwa na waliowatangulia.

Ndipo alipokuja mkufunzi kutoka Mwanza, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alileta mwanasesere wa mpira mwenye ukubwa wa mtoto mchanga, pamoja na mfuko wa kupulizia pumzi wenye kikombe laini cha kufunika pua na mdomo. Alituonyesha kutwa nzima, mimi na mganga mkuu, akatuachia vyote viwili.

"Kila mmoja afanye kwa mikono yake," aliniambia akipanda gari. "Na usichoke kuwarudisha mazoezini."

Nilimjibu kwamba maagizo yamepokelewa.

Enzi zile kila jambo tulifundishwa kwa semina. Kisomo cha watu wazima, kilimo bora cha pamba, maazimio ya chama: mwenye kuongoza aliuliza, ukumbi ukajibu kwa sauti moja, na jibu likiwa sahihi somo lilihesabiwa kuwa limeeleweka. Mimi nilikuwa hodari wa kuongoza semina, na nilisifiwa kwa hilo. Mfuko niliupeleka chumba cha kuzalia. Mwanasesere nilibaki naye ofisini, ndani ya nailoni yake. Alikuwa mmoja tu, na vifaa vyetu vilikuwa vikiharibika mikononi mwa wanaojifunza. Siku ya semina nilimlaza mezani ili aonekane.

"Mtoto hakulia," niliuliza. "Tufanye nini?"

"Tumkaushe."

"Kisha?"

"Tumlaze, shingo iwe sawa. Tusafishe kinywa. Tufunike pua na mdomo. Tupulizie, kifua kiinuke."

Walijibu vizuri kuliko watumishi wa hospitali yoyote niliyopata kuitembelea. Mkunga mmoja, Msukuma wa Tinde, mwanamke mnene aliyependa mzaha, ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku moja semina ilipomalizika alinisogelea.

"Shikamoo, Bwana Katibu."

"Marahaba."

"Huyu mtoto wako tumemwimbia wee, mpaka nyimbo zimetuishia. Utatupa lini tumbebe?"

"Mtamchana. Huyo ni mali ya serikali."

"Haya. Basi na wa kweli akija tutamwimbia tu, asije akachanika."

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, kisha nikamrudisha mwanasesere kwenye nailoni.

Asubuhi moja ya masika mchimbaji alimleta mkewe. Nilikuwa kibarazani, nje ya dirisha la chumba cha kuzalia, nikikagua mablanketi yaliyoanikwa. Mume alisimama karibu nami, kaptura yake imeganda udongo mwekundu. Tulimsikia mama akisukuma, kisha tukasikia kimya.

"Mzee, mbona halii?" aliniuliza.

Kutoka dirishani nilianza kusikia maneno yangu mwenyewe. "Tumlaze, shingo iwe sawa," alikuwa akisema mkunga yule wa Tinde. "Tusafishe kinywa. Tufunike pua na mdomo." Alipobonyeza mfuko, ulitoka mlio mwembamba, kama tyubu ya baiskeli inayovuja. Akabonyeza tena, ukalia tena. Aliporudia maneno tangu mwanzo hakuacha hata moja, na kila alipofika "kifua kiinuke" alinyamaza kidogo, nadhani akitazama, akaanza upya. Sijui alirudia mara ngapi. Hatimaye aliacha kusema, na ndani nikamsikia mzazi akiita "mayu, mayu", kama Wasukuma wamwitavyo mama yao wanapozidiwa.

Kikao cha uchunguzi kiliketi wiki ileile. Niliulizwa kama mkunga alikuwa amefundishwa. Nilijibu: "Ndiyo. Alihudhuria semina zote, na majibu yake yalikuwa sahihi." Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli, na kwa jibu lile nilimwangamiza. Kikao kikaamua kwamba aliyejua la kufanya na asilifanye ni mzembe. Uamuzi ulisomwa uwanjani, mbele ya bendera, mkunga amesimamishwa mbele ya watumishi wote na ndugu za wagonjwa wakisikiliza. Aliondolewa kazini.

Alikuja ofisini kuniaga. Aliniamkia kama kawaida, akamtazama mwanasesere kwenye nailoni yake, na safari hii hakutania.

"Bwana Katibu, uliniona nikijibu. Je, uliwahi kuniona nikifanya?"

Nilimwambia kwamba suala lake limekwisha kufungwa.

Mkufunzi alirudi baadaye mwaka ule. Hakunigombeza. Alimtoa mwanasesere, akanipa mfuko mkononi, akasema, "Mpulizie." Niliyajua maneno yote. Nilikiweka kikombe usoni, nikabonyeza, na ule mlio mwembamba ukatoka mbele ya pua yangu. Kifua cha mpira hakikusogea. Mkufunzi alinishika vidole, akaviweka viwili chini ya kidevu ili vikivute juu kidogo, na gumba akalikandamiza ukingoni mwa kikombe. Nilipobonyeza tena, kifua kiliinuka. Mambo haya hayasemeki kwa maneno. Vidole huyapata kwa kukosea mara nyingi, mahali ambapo makosa hayaui, na mahali hapo mimi nilikuwa nimepafunga kwa nailoni.

Tangu hapo mwanasesere aliwekwa chumba cha kuzalia, na hakuna mkunga aliyeanza zamu kabla ya kumpulizia mbele ya mwenzake. Alichanika kweli, kama nilivyotabiri. Tulimziba kwa viraka na gundi ya baiskeli, akachanika tena, tukamziba tena. Watoto ambao zamani wangefunikwa khanga walilia. Nilipongezwa kwa mpango huo, nami nilizipokea pongezi nikiwa nimesimama uwanja uleule, mbele ya bendera ileile.

Mwaka huu nilishuka Tinde, nikauliza nyumba ya mkunga yule. Amezeeka, anauza karanga kando ya barabara. Aliniamkia, nami nikashindwa kuitikia marahaba. Binti aliyekuwa akinunua karanga alikuwa mjamzito, na alipoondoka nilimuuliza mkunga kama wanawake humwita wakati wa uchungu.

"Mimi?" alisema, akikunja karatasi ya karanga. "Hapa mimi ni yule aliyeua kitoto cha watu. Hata wajukuu zangu walizaliwa nikiwa nimekaa nje."

Lililobaki ni hili, nami naliweka wazi.

Nadai kwamba mamlaka iliyorithi ofisi ile iufute uamuzi dhidi ya mkunga huyo, na iseme kwamba alihukumiwa kwa ustadi ambao hakuwahi kupewa nafasi ya kujifunza. Nadai kwamba kufutwa huko kusomwe uwanjani, mbele ya bendera na mbele ya watu, kama uamuzi ulivyosomwa, kisha kusomwe Tinde, yeye akiwepo. Na nadai kwamba siku hiyo niitwe mimi, nisimamishwe pale aliposimamishwa yeye, niulizwe upya swali lile nililoulizwa na kikao: je, alikuwa amefundishwa?