Nilipomwambia Noko Nimekuja Kutembea Tu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama mtu anavyokumbuka siku aliyoumwa na nyuki mdomoni. Nilishuka kwenye baleinière, mashua kubwa ya mbao yenye mota, katika kijiji kimoja cha mto Lomami, karibu kufika Opala. Nilikuwa na kofia ya jua, koti la mvua, kamera ya kuazima, na viatu vilivyong'aa hata samaki walisogea kujitazama. Kijana mwenye diploma mbichi ya masomo ya jioni kutoka mtaa wa Kabondo, hapa Kisangani! Nilikuwa kwenye congé, likizo niliyoipanga mwenyewe tangu kitanda hadi kitambaa cha jasho.

Nakuambia haya kwa sababu najua na wewe unapanga. Nawaona vijana wa hapa Kisangani mmeinamia simu, mnachagua vilima vya mizabibu huko mbali: nyumba ipi ina dirisha linalotazama mashamba, divai ipi ionjwe kwanza. Usidhani sisi wazee tunawacheka. Mimi ugonjwa huo niliupata zamani. Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza kwamba ziko nchi ambazo mtu anaomba likizo aende kupita kati ya mistari ya mizabibu. Anaonja huku, anaonja kule, analala kwa mwenye shamba, asubuhi anaamka na kuonja tena. Darasa zima liliweka kalamu chini. Mimi usingizi ulinikimbia. Kwa nini divai ya kilima hiki isifanane na ya kilima kile, na jua ni lile lile? Udongo nao una ladha? Nani aliulamba akajua? Nilimuuliza mwalimu mpaka akawa anaingia darasani kwa mlango wa nyuma.

Lakini ndege za uwanja wa Simi-Simi nilizijua kwa mngurumo tu. Ndipo Marie-Jeanne, msichana niliyempenda, akanicheka.

"Unatafuta vinyo Ulaya? Kwa noko yangu, kule Lomami, mbila iko mingi mpaka ndege wanalewa, wanarukaka kinyumenyume!"

Vinyo ndiyo divai; mbila ni mchikichi, na maji yake meupe yakishachacha ndiyo masanga, divai yetu. Noko ni mjomba, ndugu wa mama. Nawe unajua mambo ya kwetu: baba wa msichana anaweza kukubali, mama yake akapiga vigelegele, lakini noko akikunja uso, ndoa hakuna. Marie-Jeanne alikuwa anakwenda kukaa kwake msimu ule. Nikajiambia, bon, nitaiona nchi ya divai yetu, nitaonja, nitapiga picha, na huyo noko nitamwangalia kwanza kwa mbali, kabla sijamtuma baba yangu kwenda kuongea. Niliuona mpango huo ni mzuri kuliko mipango yote iliyowahi kupangwa tangu mto huu uanze kutiririka.

Noko Lofemba alikuwa mtu mpana, mwenye sauti inayotoka chini kama mtumbwi unaosuguana na mwamba. Alinipokea vizuri. Nikapewa kiti, nikapewa maji. Mkewe akatokea jikoni na chupa ya masanga na kikombe. Marie-Jeanne alikaa karibu na mlango, anajifanya hanijui sana. Noko akangoja nimalize maji, akasema:

"Bon. Sango nini?"

Mgeni akishakalishwa anaulizwa habari, naye anatakiwa kutoa neno lililomtoa kwao. Mimi nililijua hilo, nimelelewa nalo. Lakini kichwa kilikuwa kimejaa mizabibu, tena nilitaka kuonekana mgeni mwepesi, asiyemsumbua mtu. Nikajibu kwa uchangamfu:

"Noko, sango hakuna. Nimekuja kutembea tu. Nionje kidogo, halafu nirudie kwetu."

Mwanangu, hata kuku waliacha kudonoa. Kikombe kilichokuwa kinanijia kiligeuka katikati ya uwanja kikarudi jikoni. Noko hakunitazama. Alimwambia Marie-Jeanne, taratibu kabisa:

"Mutoto, ingia mu nyumba."

Kuanzia hapo nililishwa kama askofu. Lituma ya ndizi zilizopondwa, pondu ya majani ya muhogo, samaki wa Lomami wenye urefu wa mlango. Lakini masanga yalinipita kana kwamba mimi ni nguzo ya nyumba. Wanakijiji wakija, wanamiminiwa, wananyanyua, wanashukuru, na mimi nashikilia maji yangu. Nami nilikuwa nimesafiri njia yote ile, Yanonge, Isangi, mbu wa kila aina, kwa ajili ya kuonja!

Udadisi nao haukuniacha. "Noko, ni kweli ya asubuhi iko tamu, ya jioni iko kali?"

"Iko vile."

"Kwa nini?"

"Uliza yenyewe."

Nikamfuata Marie-Jeanne alipokuwa akiosha sufuria kwenye maji.

"Kwani noko yako ananionea nini? Natoka mbali, na kamera shingoni!"

"Weye na kamera yako! Si ulisema unakuja kutembea?"

"Si ndiyo congé?"

"Mbele ya noko? Mwanaume mwenye kutembea-tembea, weye unajua watu wanamuitaka muhuni. Na ukaongeza eti unaonja halafu unarudia kwenu. Ulitaka kuonja nini? Miye?"

"Masanga! Nilisema masanga!"

"Masanga hukuitaja."

Nikayarudia maneno yangu kichwani, neno kwa neno. Kweli, sikuyataja. Nikahisi yale maji yote niliyokunywa yananipanda usoni.

Akapunguza sauti. "Baleinière inashuka kesho. Noko amesema upande. Na miye amesema nisikuone tena, hata Kisangani."

Basi likizo yangu ikawa imefika hapo. Ningerudi na picha za michikichi, bila mke. Asubuhi nikaenda porini bila kofia, bila kamera, nikamkuta Noko anashuka kwenye mchikichi na mkanda wake wa kupandia. Nikangoja miguu yake iguse chini.

"Noko, uliniuliza sango, nikasema hakuna. Sango iko."

"Sema."

"Namupenda Marie-Jeanne. Nataka kumuoa. Niliogopa kusema, nikajiambia niangalie kwanza. Maneno yangu nikaificha nyuma ya masanga. Lakini masanga nayo ni ya kweli, Noko. Tangu mwalimu atueleze mambo ya vinyo, sipatake usingizi."

"Uangalie kwanza? Siye tuko soko?" Akaanza kukunja mkanda wake. "Mutu akikuja na neno, namupa kiti, tunabishana mpaka tunamaliza. Akisema hana neno, nitabishana naye juu ya nini? Namuogopa, nafunga mulango, basi."

Niliinamisha kichwa mpaka nikahesabiwa na siafu. Noko akapiga hatua kuelekea kijijini, akasimama, akageuka.

"Na hiyo vinyo ya mwalimu yako, nayo wanapandaka juu?"

"Hapana, Noko. Muti yake inaishia hapa." Nikashika kiuno.

"Kiunoni! Alors, wazee wa kule hawaangukaka?"

"Labda wakishakunywa, Noko."

Akacheka mpaka mkanda ukamdondoka. Akakaa kwenye mzizi, akanivuta nikae. Akataka kujua kila kitu. Zabibu zinakamuliwaje? Kwa miguu? Miguu ya nani, na wananawa? Kwa nini wanaiweka miaka na miaka, hawana wageni wa kuimaliza? Nilichokijua nilimwambia, nisichokijua nilikitunga. Jua lilikuwa limepanda kabisa aliponiambia:

"Enda. Ambia papa yako akuje yeye mwenyewe, na sango ile ile. Isibadilike mu njia."

Kisha akafungua kibuyu chake, akanimiminia. Yalikuwa matamu mwanzoni, laini, halafu yakanichoma pua kidogo, kama utani wa shemeji. Divai zote za dunia sijazionja, lakini wanaozinywa nawaonea huruma. Baba yangu alikwenda, sango haikubadilika, na Marie-Jeanne ndiye huyo anayenikatiza hapa kila nikizidisha chumvi.

Mwanangu, nenda kwenye hiyo mizabibu. Panga nauli, panga kitanda, uliza mvua inanyesha lini. Wala usione haya kuwa mdadisi. Lakini kabla hujafunga begi, tafuta jibu la yule atakayekuuliza kilichokuleta, hata akikuuliza kwa macho tu. Kama unakwenda na mchumba, mwambie yeye jibu hilo kwanza, asije akalisikia kwa watu. Kila shamba utakalolipiga picha lina mtu aliyeamka mapema kulihudumia: mwulize jina lake kabla hujauliza ladha ya divai yake. Naye akitaka kujua ya kwenu, mweleze kwa moyo wote, mweleze jinsi wazee wetu wanavyopanda juu ya mbila. Mgeni anayeuliza tu bila kujisema anatisha, na kinywaji atakachopewa ni maji.

Mungu akufungulie njia ya maji na ya angani. Akukutanishe na mwenyeji mwenye kicheko, kikombe kisigeuke kabla hakijakufikia, na utakachosema ugenini uwe na nguvu ya kukirudia mbele ya wazazi wako. Uende salama, urudi salama, na ukirudi utukalishe chini, utupe sango.